Maji Hayapandi Mlima Bure



Askari aliyewahi kupangwa zamu ya usiku kwenye daraja la Rusizi, pale mpaka wa Rwanda na Kongo unapopita kati ya Kamembe na Bukavu, anaijua vema sauti ya maji yanayotoka Ziwa Kivu kwenda kusini. Maji hayo hayaombi mafuta wala hayadai mshahara. Yanashuka kwa kuwa mbele yao kuna mteremko, na katika kushuka kwao yanawasha taa za miji. Huko chini, katika uwanda wa Bugarama, maji ya Rubyiro na mito mingine itokayo milimani huingia mifereji na kunywesha mpunga bila mlio wa injini. Lakini juu ya vilima vinavyoitazama Bugarama hiyo hiyo, yuko mkulima ambaye mboga zake hunyauka kila Julai, huku maji ya bondeni akiyaona kwa macho yake.

Mkulima huyo akichimba kisima ili ayapandishe maji hadi shambani, swali la kwanza analokutana nalo dukani ni hili: wataka mashine ya nguvu kiasi gani? Mara nyingi jibu hutolewa na muuzaji kwa kutazama mashine alizo nazo, au na jirani kwa kutazama mashine aliyoinunua yeye. Hesabu haiulizwi. Matokeo yake ni pampu dhaifu isiyofikisha maji, au pampu kubwa inayokausha kisima na kumaliza fedha za mwenye shamba. Mazungumzo yetu ya leo yanahusu swali hilo na historia yake, kwa maana wanadamu wamelipia jibu lake kwa gharama kubwa, na wengine katika sehemu hii yetu ya Afrika.

Huenda baadhi yenu mkauliza jambo hili lawahusu nini askari. Kambi hunywa maji kila siku, na maji hayo yanapandishwa na mashine ambayo mtu fulani aliikadiria. Tena askari hatabaki na bunduki maisha yake yote. Siku ya kustaafu wengi hurudi shambani, na fedha ya kiinua mgongo ikitumika vibaya kwa mashine isiyofaa hairudi tena. Hapana budi, basi, kuijua hesabu kabla ya siku hiyo.

Tuanze na mto wenyewe. Wilaya ya Rusizi, ambayo hadi mwisho wa mwaka 2005 ilikuwa sehemu ya mkoa wa Cyangugu, ni mahali pazuri pa kujifunzia jambo hili kuliko darasa lolote. Uso wa Ziwa Kivu uko yapata mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Mto Rusizi unapoiacha ardhi ya Rwanda huko kusini uko kwenye mita 950 hivi, na hapo ndipo mahali pa chini kuliko pote katika nchi ya Rwanda. Kutoka hapo mto unaendelea hadi Ziwa Tanganyika, lililo yapata mita 770. Maana yake ni kwamba kila tone linalotoka Kivu huteremka mita 500 na zaidi kabla ya kuiaga Rwanda.

Mteremko huo ni mali. Mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa utawala wa Wabelgiji, mtambo wa umeme wa Rusizi ya Kwanza ulijengwa karibu na mahali mto unapotoka ziwani. Mwaka 1976 nchi za Burundi, Rwanda na Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ziliunda Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, na matunda yake mojawapo ni mtambo wa Rusizi ya Pili ulioanza kazi mwaka 1989 kwa ajili ya nchi zote tatu. Wahandisi waliobuni mitambo hiyo walitumia kanuni moja nyepesi. Mita moja ya ujazo ya maji ikianguka mita moja katika kila sekunde hutoa nguvu ya kilowati 9.81. Ukiongeza maji, nguvu huongezeka kwa kiasi kile kile. Ukiongeza anguko, huongezeka vile vile.

Ndugu wasikilizaji, kanuni hiyo haina upande. Kile ambacho maji hukupa yanaposhuka ndicho hicho hicho yatakachokudai unapotaka kuyapandisha, tena pamoja na faida, kwa sababu hakuna mashine isiyopoteza kitu njiani. Mto Rusizi unailipa mitambo ya umeme kwa kila mita unayoteremka. Mkulima wa kilimani anamlipa mwenye umeme, au mwenye dizeli, kwa kila mita anayopanda. Mambo mawili tu ndiyo yanayoamua malipo hayo: wingi wa maji na kimo cha kuyainua. Atakayedanganyika katika moja ya hayo mawili hawezi kuokolewa na ubora wa mashine.

Wazee wa kale waliijua kweli hiyo kwa mikono yao kabla haijaandikwa. Wakulima wa Mto Nile walitumia shadufu, yaani mti mrefu wenye ndoo upande mmoja na uzito wa udongo au jiwe upande wa pili. Shadufu moja huinua maji mita chache tu. Ukingo ulipokuwa mrefu, waliziweka mbili au tatu kwa ngazi, moja ikimpa nyenziye maji. Baadaye ikaja sakia, gurudumu la vyungu linalozungushwa na ng'ombe. Katika vifaa hivyo hesabu ilikuwa wazi: kimo kikiongezeka maradufu, itabidi uongeze watu au ng'ombe maradufu, au ukubali nusu ya maji. Mashine za leo zimeificha hesabu hiyo ndani ya chuma, lakini hazikuifuta.

Jambo la pili lililofichika liligunduliwa Italia. Mwaka 1638 Galileo aliandika juu ya pampu ya kisima iliyokataa kuvuta maji yaliposhuka chini zaidi ya mita 10 hivi, ingawa pampu yenyewe ilikuwa nzima. Mwaka 1643 mwanafunzi wake, Torricelli, alitoa ufumbuzi kwa bomba la kioo na zebaki. Alionyesha kwamba pampu ya kufyonza haivuti maji hata kidogo. Inachofanya ni kuondoa hewa ndani ya bomba, kisha uzito wa hewa iliyo nje ndio unaoyasukuma maji juu. Uzito huo una mwisho wake, na kule pwani mwisho huo ni kama mita 10. Baada ya hapo, hata ukifunga injini ya gari moshi juu ya kisima, maji hayatapanda.

Jambo la tatu ni kipimo cha nguvu. Mashine za mvuke za kwanza nchini Uingereza zilitengenezwa ili kutoa maji katika migodi, na tangu mwaka 1702 mtengenezaji mmoja, Thomas Savery, alizilinganisha na kazi ya farasi, kwa sababu ni farasi waliokuwa wakizungusha pampu hizo. Baadaye katika karne hiyo James Watt alikadiria kwamba farasi mmoja huweza kuinua ratili 33,000 kwa kimo cha futi moja katika kila dakika. Kwa vipimo vyetu vya leo, hiyo ni kuinua kilo 76 mita moja kila sekunde, au wati 746. Wafaransa na Wabelgiji walichukua kilo 75, ndiyo maana juu ya mashine zilizokuja Rwanda, Burundi na Kongo mmezoea kuona herufi CV, na juu ya zile zilizokuja Kenya, Uganda na Tanzania herufi HP. Tofauti yake ni ndogo sana. Binadamu mwenye afya, akifanya kazi kwa saa nyingi, hutoa wati 75 hivi, yaani sehemu moja ya kumi ya farasi huyo.

Sasa tuone jinsi mambo hayo yalivyowapata askari. Mwishoni mwa mwaka 1867 serikali ya Uingereza ilituma jeshi la yapata askari 13,000 chini ya Jenerali Robert Napier kwenda kumpiga Mfalme Tewodros wa Uhabeshi. Jeshi hilo lilitua Zula, pwani ya Bahari ya Shamu, likiwa na maelfu ya wanyama wa mizigo na hata tembo kutoka Bara Hindi. Pwani ile haikuwa na maji ya kuwatosha. Ilibidi maji ya bahari yachemshwe melini na mvuke wake ugeuzwe kuwa maji ya kunywa, kwa hiyo kila debe lililipiwa kwa makaa ya mawe.

Katika njia ya kwenda milimani, askari wale walitumia kifaa kipya wakati huo: bomba la chuma lenye ncha kali na matundu, lililopigwa ardhini kwa nyundo kubwa hadi kufikia maji, kisha likafungwa pampu ndogo ya mkono juu yake. Tangu hapo visima vya namna hiyo vikaitwa kwa Kiingereza visima vya Kihabeshi. Vilifanya kazi mahali ambapo maji yalikuwa karibu, kama vile katika mchanga wa mito iliyokauka. Mahali maji yalipokuwa chini sana, havikufaa kitu, kwa sababu sheria ya Torricelli haimwogopi jenerali. Maofisa wa maji wa jeshi lile walilazimika kuuliza kina kwanza, kisha ndipo waagize bomba.

Katika karne iliyofuata swali hilo lilitoka jeshini likaingia katika mashamba makubwa. Nchini Sudan, mwaka 1911, serikali ya wakati ule ilianza kujaribu kilimo cha pamba huko Tayiba, katika uwanda wa Gezira, kwa kupandisha maji ya Nile ya Samawati kwa pampu. Majaribio hayo yaliwafundisha kiasi cha maji ambacho pamba inahitaji na gharama ya kuyainua. Kisha walijenga bwawa la Sennar lililokamilika mwaka 1925, likauinua mto wenyewe, na tangu hapo maji yakateremka mashambani kwa mteremko. Pampu ilikuwa mwalimu wao kwa muda, kisha ikastaafu.

Kule Kenya mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 1977 ulipitishwa mradi mkubwa wa umwagiliaji wa Bura, kando ya Mto Tana, kwa mkopo uliohusisha Benki ya Dunia. Ilikusudiwa kulima hekta 6,700 na kuhamishia huko zaidi ya familia 5,000. Katika mpango wa mwisho maji yangeingia kwa mteremko kutoka katika banio la mtoni. Pampu za dizeli zilizowekwa Nanigi zilikuwa za muda tu. Lakini banio halikujengwa, na cha muda kikawa cha kudumu. Bei ya mafuta duniani ilipanda sana mwaka 1979 na 1980, kabla hata wakulima wa kwanza hawajafika mwaka 1981. Mashine ziliharibika mara kwa mara, vipuri vikakosekana, na pamba ikakauka shambani. Eneo lililolimwa halikuvuka sana hekta 2,500, na ilipofika mwisho wa miaka ya 1980 kilimo kilikuwa kimeanguka. Familia zilizohamishwa kutoka mbali zikabaki katika nchi kame, zikiutazama mfereji mtupu.

Karibu na hapo, katika mradi wa Hola, mwaka 1989 Mto Tana wenyewe ulihama njia yake na kuziacha pampu mahali pasipo na maji. Pampu zilikuwepo, lakini maji hayakuwepo tena. Somo la miradi hiyo miwili ni kwamba hesabu ya nguvu haianzi kwenye mashine. Huanza kwenye maji, ikaenda kwenye kimo, ikaishia kwenye mfuko wa atakayelipa kila siku.

Rwanda nayo imechukua njia zote mbili. Umwagiliaji wa mpunga ulienea nchini tangu miaka ya 1960 kwa msaada wa wataalamu wa Kichina, na Bugarama ni miongoni mwa mabonde yanayojulikana kwa zao hilo, likilimwa kwa maji ya mteremko. Upande wa mashariki, ambako nchi ni kavu na tambarare zaidi, katika nusu ya pili ya miaka ya 2010 ulijengwa mradi wa Nasho, wilayani Kirehe. Huko maji hupandishwa kwa pampu hadi kwenye mashine za kunyunyizia zinazozunguka juu ya zaidi ya hekta 1,100 za wakulima zaidi ya 2,000, na mtambo wa umeme wa jua wa megawati 3.3 ulijengwa ili kubeba mzigo huo. Mpango Mkuu wa Umwagiliaji wa mwaka 2010 ulikadiria kwamba karibu hekta 590,000 nchini Rwanda zingeweza kumwagiliwa, lakini sehemu iliyowekewa maji ya chini ya ardhi ni ndogo. Kwa hiyo kisima ni kitu cha kutunzwa na kupimwa, si cha kukimbilia.

Ndugu wasikilizaji, chukueni sasa karatasi na kalamu, tufanye hesabu ya yule mkulima wetu wa juu ya Bugarama. Ana hekta 2 za mboga. Katika kiangazi mimea hunywa kiasi cha milimita 5 za maji kwa siku, na milimita hizo juu ya hekta moja ni mita za ujazo 50. Kwa hekta 2 ni mita za ujazo 100. Lakini maji mengine hupotea mferejini na shambani. Tukichukua kwamba katika kila sehemu 5 moja hupotea, atahitaji kupandisha mita za ujazo 125 kila siku. Hayo ni madumu 6,250 ya lita 20. Ataendesha pampu saa 5 kwa siku, kwa hiyo kila saa ni mita za ujazo 25.

Kimo je? Kabla ya pampu kuanza, maji yamelala mita 6 chini ya mdomo wa kisima. Hapo ndipo wengi hukosea, kwa sababu kisima kinapovutwa maji hushuka. Katika kisima chake yanatulia kwenye mita 12. Kutoka mdomo wa kisima hadi tangi lililo juu ya shamba ni mita 22 za kwenda juu. Jumla ni mita 34. Tena bomba lake la inchi 3 lina urefu wa mita 200, na maji yakipita ndani yake husuguana na kuta. Msuguano huo ni sawa na kuyapandisha mita 6 nyingine. Kimo chake cha kweli, basi, ni mita 40.

Kanuni ya kukumbuka ni hii: zidisha mita za ujazo za saa moja kwa kimo cha mita, kisha gawanya kwa 367. Mara 25 kwa 40 ni 1,000. Gawanya kwa 367, unapata kilowati 2.7. Hiyo ndiyo nguvu inayoingia ndani ya maji yenyewe, sawa na kazi ya watu 36 wenye afya wakifanya kazi pamoja kwa saa zote 5. Lakini pampu ya kawaida ya shambani hupoteza. Ikiwa ufanisi wake ni asilimia 60, gawanya 2.7 kwa 0.6, unapata kilowati 4.5. Ongeza akiba ya sehemu moja ya tano ili mota isifanye kazi hadi mwisho wa pumzi yake, unafika karibu kilowati 5.5. Ndiyo mota ya nguvu za farasi 7 na nusu, ambayo hupatikana madukani bila shida.

Angalieni sasa hasara ya kukosea. Aliyepima maji yakiwa yamelala na kusahau msuguano angehesabu mita 28 badala ya 40. Angepata kilowati 3.2 tu, akanunua mashine ndogo, na siku ya kuiwasha angeona maji yakitoka kidogo au yasitoke kabisa huko juu. Angemlaumu muuzaji, na muuzaji angelaumu umeme. Aliyebana matumizi kwa kununua bomba jembamba angekuta balaa kubwa zaidi, kwa kuwa bomba lenye nusu ya kipenyo huongeza msuguano takriban mara 30. Alichookoa kwenye bomba angekilipa kwenye umeme kila siku.

Aliyenunua mashine kubwa kupita kiasi hayuko salama pia. Kisima kina uwezo wake wa kutoa maji. Ikiwa ardhi inatoa mita za ujazo 15 kwa saa na pampu yavuta 40, kisima hukauka upesi na pampu huzunguka mikavu hadi iungue. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, kisima hupimwa mwishoni mwa kiangazi kwa kukivuta saa nyingi mfululizo, huku kamba yenye alama ikionyesha maji yameshuka wapi. Kazi hiyo haihitaji shahada. Inahitaji saa, kamba, chombo chenye ujazo unaojulikana na mtu mwaminifu.

Mwinuko wa nchi yetu nao una sauti katika hesabu hii. Ninyi madereva wa jeshi na polisi mmesikia jinsi lori linavyohema likipanda msitu wa Nyungwe. Hewa ya juu ni nyepesi, na injini isiyosukumiwa hewa kwa kifaa maalumu hupoteza kama asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100. Huko Bugarama hasara ni kama asilimia 9. Kamembe, kwenye mita 1,590, ni kama asilimia 15. Wepesi huo huo wa hewa hupunguza kimo cha kufyonza. Ile mita 10 ya Torricelli huko Bugarama ni yapata 9, na Kamembe ni mita 8 na nusu, na hiyo ni kwa hesabu ya kitabuni. Kwa kazi ya kila siku usitegemee zaidi ya mita 6 bondeni, na kilimani upunguze zaidi. Mkulima wetu, ambaye maji yake hushuka hadi mita 12, hawezi kabisa kuweka pampu ya kufyonza juu ya kisima. Anahitaji pampu ya kuzama, ile ikaayo ndani ya maji na kuyasukuma.

Hapa pana jambo la uhai, na ninawaomba polisi mlisikilize kwa makini. Wapo watu ambao, pampu ya juu ikishindwa kufyonza, huishusha injini ya petroli au dizeli ndani ya kisima ili iyakaribie maji. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na kisimani haina pa kutokea. Mtu wa kwanza huanguka, wa pili hushuka kumwokoa akaanguka, na wa tatu vile vile. Askari atakayeitwa mahali hapo asiruhusu mtu yeyote kushuka, hata ndugu wa aliyeanguka, mpaka wafike waokoaji wenye kamba na vifaa vya kupumulia. Injini mahali pake ni juu, kwenye hewa ya wazi. Anayeijua mapema ile kanuni ya mita 6 hatakuwa na sababu ya kuishusha.

Umeme wa jua nao umeleta mlango mpya, lakini haukuondoa hesabu. Mwenye dizeli hulipia kosa lake kidogo kidogo kila siku. Mwenye paneli za jua hulipia kosa lote siku ya kwanza, kwa kununua paneli ambazo hakuzihitaji au kwa kukosa zile alizozihitaji. Kila mita ya kimo iliyosahauliwa inageuka kuwa fedha.

Ndugu wasikilizaji, kabla ya kuuliza bei ya mashine, uliza maswali manne: shamba lahitaji maji kiasi gani kwa siku, kisima chaweza kutoa kiasi gani mwishoni mwa kiangazi, maji yatainuliwa mita ngapi pamoja na msuguano, na nani atalipa siku baada ya siku. Tena kuna swali lililotangulia hayo yote, nalo ndilo ambalo Gezira waliliuliza na Bura hawakulikamilisha: je, hakuna mahali ambapo maji yangeweza kuja yenyewe kwa mteremko? Wakulima wa mpunga wa Bugarama wanalijua jibu lao, na kila asubuhi maji huwafikia bila kuwasha kitu.

Penye mteremko, tuutumie. Pasipo mteremko, tupime kwanza, kisha tununue, ili fedha ya mkulima na kiinua mgongo cha askari visizame kisimani.